Ni ipi tamu zaidi? Mwongozo wa kuonja aiskrimu na familia nyumbani

Karibu kila nyumba ina aiskrimu yake. Mtu akitumwa dukani haulizi alete ipi, anaijua. Lakini waulize wenye nyumba kwa nini iwe hiyo na si nyingine, utaambiwa ndiyo tuliyoizoea, au watoto waliiona kwenye tangazo, au basi tu. Ulimi wenyewe haujawahi kuulizwa.

Mwongozo huu ni wa kuuliza ulimi. Unahitaji saa moja na nusu hivi, makopo machache ya aiskrimu, karatasi, kalamu na watu wasiopungua watatu. Sheria ni mbili, na ukiziacha hizo, mengine yote hayatakusaidia. Kwanza, majina ya aiskrimu yafichwe mpaka mwisho. Pili, kila mtu aandike alama zake kabla mtu yeyote hajasema neno. Hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoipigania zaidi. Baba akionja na kutamka tu kwamba hii ni kiboko, mtoto wa miaka sita naye ataiona kiboko, na hutajua kamwe yeye mwenyewe alionja nini. Kwenye meza hii kura ya kitinda mimba ina uzito sawa na ya bibi.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Usinunue vanila, embe, chokoleti na karanga halafu ukauliza ipi ni nzuri. Hapo utakuwa unapima nani anapenda embe. Chagua ladha moja, kisha tafuta watengenezaji tofauti wa ladha hiyohiyo. Au linganisha ya bei ya juu na ya bei ya chini, ya maziwa ya ng'ombe na ya tui la nazi, ya dukani na ile mnayoitengeneza wenyewe.

Kwa mara ya kwanza nashauri vanila. Kakao ina nguvu ya kufunika makosa mengi, vanila haina. Maziwa yakiwa na harufu ya kuungua, sukari ikizidi, barafu ikiwa na chenga, vanila itakuonyesha vyote. Tena yenyewe ina mambo ya kuwasimulia watoto mkiwa mnasubiri. Hutoka kwenye tunda la okidi, ua ambalo likipandwa mbali na kwao Meksiko huwa halizai mpaka lichavushwe kwa mkono. Njia rahisi ya kulichavusha iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, na mpaka leo wakulima wanatumia njia hiyohiyo. Kwa kuwa kazi hiyo ni ya mkono na ya taabu, vanila halisi ni ghali, na aiskrimu nyingi hutiwa vanilini, yaani kiini cha ladha ya vanila, iliyotengenezwa kiwandani. Na usidanganywe na vile vitone vyeusi. Mara nyingi ni mbegu za maganda ambayo ladha yake imekwisha kukamuliwa, zimewekwa kupendezesha macho.

Aiskrimu nne zinatosha. Kama waonjaji wengi ni watoto wadogo, tatu. Ukizidisha sita, ulimi unakuwa umekufa ganzi kwa baridi na umefunikwa na mafuta, hapo mtu anaandika namba tu ili amalize.

Hatua ya 2: Nunua, na usome kopo

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza kila atakayeonja kama kuna chakula kinachomdhuru. Maziwa, mayai, karanga, korosho, lozi na soya ndivyo vya kuangalia zaidi. Kama yuko mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, panga swali lenu ili naye aweze kushiriki. Asiwe wa kutazama. Mtoto mdogo asipewe aiskrimu yenye karanga nzima au vipande vigumu, anaweza kupaliwa.

Dukani, bonyeza kopo kidogo na utazame mfuniko. Kopo lililobonyea, au lenye tabaka la barafu chini ya mfuniko, huenda liliyeyuka likagandishwa tena. Liache. Aiskrimu iwe kitu cha mwisho kuchukua, uifunge kwa magazeti au uitie kwenye mfuko wa kutunza baridi.

Halafu linganisha ujazo na uzito, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Aiskrimu hupigwa ikichanganywa na hewa huku inaganda, na kiasi cha hewa hutofautiana sana. Zipo ambazo nusu ya kopo ni hewa. Kwa hiyo unaweza kukuta makopo mawili, yote yameandikwa nusu lita, moja lina gramu 280 na jingine gramu 420. La pili lina chakula zaidi, na mdomoni litakuwa zito. Hewa si udanganyifu, bila hewa ungekuwa unatafuna jiwe. Lakini ni vizuri ujue unacholipia. Soma na orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida huanza na kile kilicho kingi. Tazama kama mafuta ni ya maziwa au ya mimea, na kama kuna kiini cha yai.

Andika hayo yote kwenye karatasi, uzito, bei, viungo vitatu vya mwanzo, uitie ndani ya bahasha na uifunge. Itafunguliwa mwisho.

Hatua ya 3: Ficha majina

Mtu mmoja awe mwandaaji. Yeye hapigi kura, na akiweza akae jikoni wakati wa kuonja, maana uso nao husema. Kama kila mtu anataka kupiga kura, mmoja apakue kwenye vikombe na mwingine, ambaye hakuona makopo, avibandike namba mpya na kuvipeleka mezani.

Kila aiskrimu ipewe namba ya tarakimu tatu isiyo na maana yoyote, kwa mfano 417, 286, 935 na 608. Maabara za chakula hufanya hivyo kwa sababu nzuri. Ukiandika 1, 2, 3 au A, B, C, watu wataanza kuhisi kwamba ya kwanza ndiyo bora kabla hawajaonja.

Vikombe viwe vya aina moja, vidogo, vyeupe au vya kioo. Vijiko viwe vya chuma cha pua, vikavu, vilivyosuuzwa vizuri bila harufu ya sabuni. John Harrison, aliyekuwa muonjaji rasmi wa kampuni ya aiskrimu ya Dreyer's huko Marekani, alitumia kijiko kilichopakwa dhahabu kwa kuwa alisema mbao na plastiki huacha ladha yake mdomoni. Nyumbani dhahabu haihitajiki, lakini vile vijiti vya mbao viweke kando.

Rangi ikitofautiana sana, moja njano na nyingine nyeupe pe, punguza taa au waonjaji wafumbe macho. Macho huwahi kuamua: kitu cha njano watu hukiona kina mayai na krimu nyingi hata kama ni rangi tu.

Mpangilio wa kuonja usiwe mmoja kwa wote. Kijiko cha kwanza huwa na bahati, kwa sababu mdomo ulikuwa unakisubiri. Basi mmoja aanze na 417, wa pili 286, wa tatu 935, wa nne 608, kisha kila mtu azunguke. Mpangilio wa kila mmoja uandikwe juu ya karatasi yake.

Na huu ni mtego ninaoupenda: pakua aiskrimu moja mara mbili, uipe namba mbili tofauti. Anayeipa ileile 8 hapa na 4 pale atajifunza jambo kuhusu ulimi wake, na ninyi mtajua alama zake mzichukulie kwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Angalia joto

Hapa ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapoharibikia. Friza nzuri huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo ulimi unapata ganzi na harufu haitoki. Aiskrimu huonjeka vizuri ikiwa kati ya nyuzi 14 na 12 chini ya sifuri, yaani imelainika lakini bado imesimama.

Huhitaji kipimajoto. Hamisha makopo yote kwa wakati mmoja kutoka friza kwenda sehemu ya kawaida ya friji kwa dakika 10 hadi 20, kutegemea ukubwa wake. Kipimo ni kijiko: kiingie bila kulazimishwa, na kikitoka kiache ukingo safi. Ukiona majimaji pembeni, umechelewa. Kopo lililo jepesi kuliko mengine linaweza kulainika mapema, basi lirudishe kidogo ili yote yafike sawa.

Baridi hupunguza hisia ya utamu. Ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka kwenye bakuli huonekana ina sukari ya kukera ingawa sukari ni ileile. Ukimpa mtu mmoja iliyoganda sana na nyingine iliyolegea, umempa mashindano mawili tofauti.

Vikombe vikae friza kwanza kwa muda. Pakua kutoka katikati ya kopo, kwa sababu pembeni na juu hujikusanyia chenga za barafu. Vijiko viwili vya chai kwa kila mtu kwa kila aiskrimu vinatosha: kimoja cha kuuamsha mdomo, kimoja cha kuamua.

Hatua ya 5: Tengeneza karatasi ya alama

Kipimo kizuri ni cha ngazi 9, kutoka "siipendi kabisa" hadi "naipenda mno", na katikati "sipendi wala sichukii". Watafiti wa chakula wa jeshi la Marekani walikitengeneza kati ya miaka ya 1940 na 1950 walipotaka kujua askari wanapenda kula nini, na bado kinatumika duniani kote. Watoto wasiosoma wachorewe nyuso tano, kutoka iliyonuna hadi inayocheka, wazungushie moja.

Chini ya alama weka nafasi ya mambo manne: ulaini, sukari (imezidi, imetosha au imepungua), ladha ya vanila au maziwa, na kinachobaki mdomoni baada ya kumeza.

Kisha weka mstari wa maneno, wenye sharti moja: hairuhusiwi kuandika "tamu". Sharti hilo ndilo linalowafanya watu waonje kwelikweli. Mtu akizuiwa neno lile la kila siku, analazimika kurudisha kijiko mdomoni na kutafuta. Yatatoka maneno kama nzito, nyepesi, inateleza, ina chenga, inang'ang'ania kaakaani, ina harufu ya yai, ya maziwa ya unga, ya caramel, ya maji maji, inakwaruza koo kwa sukari. Watoto ni hodari kuliko wakubwa hapa. Waache waandike wanavyosikia, usiwasahihishe.

Hatua ya 6: Onjeni

Chagueni wakati ambao watu hawana njaa kali wala hawajashiba, saa mbili hivi baada ya mlo. Aliyekula pilipili, aliyepiga mswaki sasa hivi au mwenye mafua asubiri. Mezani pasiwe na maua yanayonukia, na anayejipulizia manukato mengi aombwe kwa upole ayaache siku hiyo.

Anzeni na mchezo wa pua. Kila mtu abane pua, atie kijiko mdomoni, asubiri kidogo. Atahisi baridi na sukari, basi. Sasa aachie pua. Vanila itajaa ghafla, kana kwamba taa imewashwa. Ladha nyingi tunazodhani ziko ulimini hupita nyuma ya koo kwenda puani. Mtoto akishaliona hilo kwa mdomo wake, hatahitaji kuhimizwa tena kunusa.

Halafu kazi yenyewe. Tazama kwanza. Nusa. Tia kijiko mdomoni, kikae juu ya ulimi, kisha kigandamize polepole kwenye kaakaa. Usitafune, iache iyeyuke. Ikishayeyuka, toa pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Meza. Subiri kidogo kabla hujaandika, maana baadhi ya aiskrimu huonyesha kasoro yake mwishoni.

Ukihisi mchanga mdomoni, fuatilia unavyoisha. Chenga za barafu huyeyuka upesi na kuacha baridi ya maji. Mara nyingi ni dalili kwamba aiskrimu ilipata joto njiani ikaganda upya. Ulimi huzihisi chenga zikifika takriban sehemu 50 kati ya sehemu elfu moja za milimita. Lakini kama mchanga unabaki hata baada ya aiskrimu kuyeyuka, huo ni sukari ya maziwa iliyojikusanya, kasoro nyingine kabisa. Ukihisi utando kwenye kaakaa usiotaka kuondoka, tazama baadaye kwenye bahasha kama mafuta yake ni ya mimea, ingawa hata gundi za chakula zinazotiwa kuzuia chenga za barafu zikizidi huleta hisia ya namna hiyo.

Kati ya aiskrimu moja na nyingine, nywa maji ya vuguvugu au yasiyo ya baridi. Maji baridi huyagandisha mafuta ulimini badala ya kuyaondoa. Kipande kidogo cha mkate mweupe au biskuti isiyo na chumvi wala sukari nacho husafisha.

Akitokea mtu wa kushikwa na kile kichwa cha ghafla cha baridi, agandamize ulimi kwenye kaakaa ili kupasha joto, kitapita. Kinatokana na haraka, basi akumbushwe kula kidogo kidogo.

Muda wote huo, kimya. Hata "mmh" haitakiwi, na macho yabaki kwenye karatasi yako.

Hatua ya 7: Jaribio la vikombe vitatu

Hili ni la hiari, lakini kama nyumbani kuna anayeapa kwamba hawezi kudanganyika, mletee. Chukua aiskrimu mbili zinazofanana, pakua vikombe vitatu: viwili vya aiskrimu moja, kimoja cha nyingine. Kazi yake si kusema ipi nzuri, ni kuonyesha kikombe kilicho tofauti. Kikombe tofauti kisikae mahali pamoja kila mara.

Anayebahatisha atapatia mara moja kati ya tatu. Kwa hiyo watu sita wakibahatisha, kwa wastani wawili watapatia. Wakipatia wawili au watatu, hamjathibitisha kitu. Wakipatia watano au wote sita, tofauti ipo kweli. Kama hamko sita, mtu mmoja anaweza kurudia baada ya kupumzika. Na ikiwa hakuna anayeweza kuitofautisha ya bei ya juu na ya bei ya chini, jibu la nini cha kununua mmeshalipata.

Mkiwa mnaendelea, mwandaaji aweke kijiko kimoja kikubwa cha kila aiskrimu kwenye chujio juu ya bakuli, vyote kwa pamoja, na watoto watazame ipi itadondoka kwanza katika dakika 30. Linavutia, ila msilifanye hukumu. Kusimama muda mrefu hutokana na hewa, mafuta na gundi za kushikilia maji kama ya mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde. Haimaanishi ni bora, wala haimaanishi ni sumu.

Hatua ya 8: Fungueni bahasha

Kabla ya kufunua majina, kila mtu asome alama na maneno yake kwa sauti, kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Ukianza na mkubwa, wadogo watageuza maneno yao wakiwa wanasoma. Wakimaliza wote, ndipo ubishi uruhusiwe, na mtu aulizwe amehisi nini hasa aliposema ina harufu ya daftari jipya. Wapeni aiskrimu hiyo tena wajaribu kuisikia.

Jumlisheni alama za kila namba, mgawanye kwa idadi ya watu. Msitosheke na wastani. Aiskrimu iliyopata 6 kwa kila mtu na iliyopata 9 kwa nusu na 3 kwa nusu zina wastani mmoja, lakini ya kwanza ndiyo ya kuweka kwenye friza ya nyumba yenye watu wengi. Ya pili mnunulieni anayeipenda.

Sasa majina, kisha bahasha. Kizuri chajiuza, lakini mara nyingi hakipati nafasi ya kujiuza kwa sababu kopo la jirani yake lina picha nzuri zaidi. Wekeni uzito na bei kando ya alama, mpige bei ya gramu 100 badala ya bei ya kopo. Angalieni kama mliosema "nzito" mlikuwa mnaionja ile yenye hewa kidogo, na mliosema "inang'ang'ania" ni ile ya mafuta ya mimea. Hapo ndipo watoto wanapoanza kuomba kusoma makopo wenyewe.

Masalia

Iliyobaki ikiwa bado imeshikamana irudishwe friza mara moja. Bandika karatasi safi ya kuokea au ya nailoni juu ya aiskrimu yenyewe, igusane nayo, ndipo ufunike. Iweke ndani kabisa, si mlangoni, ambako joto huingia kila mtu anapofungua. Iliyoyeyuka isigandishwe tena, kwa sababu vijidudu hupata nafasi ya kuongezeka ikiwa na joto, na hata ikipona hapo itarudi imejaa chenga. Isagwe na ndizi au maziwa baridi inywewe papo hapo. Iliyokaa mezani kwa saa nyingi imwagwe.

Karatasi za alama ziandikwe tarehe na zitunzwe pamoja na uzito na bei. Mkirudia kwa chokoleti, mwandaaji wa leo apewe kijiko, na mtu mwingine akae jikoni.